Banda Lisilo na Sakafu

Ninamhimidi Mwenyezi Mungu, aliyenivusha miaka ile nikiwa na pumzi na akili zangu, na aliyewalisha kuku wangu kwa majani ambayo hakuna mtu aliyeyapanda.

Vita viliponitoa mtaa wa Kamenge, nilipata chumba mtaa wa Mutanga Nord, kando ya kiwanja kitupu kilichojaa nyasi. Chakula cha kuku kilikuwa adimu. Nikaunda banda la mbao na wavu, lisilo na sakafu, nikalitia magurudumu mawili ya toroli bovu upande mmoja. Kila asubuhi, nikishaswali alfajiri na muda wa amri ya kutotoka nje usiku ukiisha, nilinyanyua upande wa pili na kulisukuma hatua tatu, kuku wakitembea ndani yake kuelekea nyasi mpya. Pale walipolala palibaki mraba wa udongo uliochakurwa, kama mahali palipozikwa kitu.

Jirani yangu, karani wa ofisi ya serikali, alikuwa akinitazama juu ya ua. Hakunisalimu. Alijua nilikotoka, na siku zile kutoka Kamenge kulitosha kukufanya mtu wa waasi. Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa kwenye kona ya barabara. Neno lake moja pale, nami nisingerudi tena kwenye mkeka wangu wa swala.

Hofu ikaninyima busara. Nikaanza kukata nyasi na kuifunika ile miraba, asiuone udongo. Naye akazidi kutazama. Mimi nikawa naangalia kila anapoelekea kizuizini, asubuhi na jioni, bila kukumbuka kwamba ndiyo njia yake ya kwenda kazini.

Asubuhi moja akaingia na jembe.

"Mzee, hii kitu yako inatembea sana. Iko na kitambulisho?"

"Ni kuku tu, jirani."

"Kuku haziziki vitu. We unaficha nini hapa chini?"

Akachimba mraba wa jana, kisha wa juzi. Nilisimama nikiomba dua kimoyomoyo, kana kwamba kweli nilikuwa nimezika kitu. Kilichotoka ni mbolea na minyoo minene. Kuku walipoiona, wakasukumana kwenye wavu kwa makelele.

"Sasa unafunika nini?"

"Nafunika kwa sababu unaniangalia."

"Mi nakuangalia kwa sababu unafunika!"

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Akaweka jembe begani. "Kuanzia kesho, mi ndo nitaonyesha mahali pa kuisukuma."

Nilikubali, ningefanya nini? Kila asubuhi alisimama uani akinionyesha kwa kidevu: huku, kule. Nilijiuliza anapanga nini. Mvua ziliponyesha, nikajua: alipanda lengalenga, yaani mchicha, kwenye ile miraba aliyonionyesha, nayo ikastawi kwa mbolea ya kuku. Akaniletea fungu. Mungu anisamehe, niliiacha mboga ile mezani hadi nilipoona watoto wake wamekula yao na bado wanakimbia. Ndipo nikaipika.

Kesho yake nilimpelekea mayai manne. Akayainua moja moja kwenye mwanga wa jua, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akayapokea. Pale kizuizini hakusema lolote juu yangu, hadi kizuizi chenyewe kilipoondolewa.

Wewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akulinde pamoja na jirani yako, na awajaalie kula mboga ya shamba moja bila mmoja kumngoja mwenzake aanze.