Wagiriki wa kale walivyonisaidia kumuuliza bibi kama mchumba wangu ni ndugu yangu

Wakuu, mwangaluka. Mnaosoma mchana, mwadila.

Leo sina mchongo wa kazi wala mbinu za mapenzi. Nina kisa changu mwenyewe, kimetokea kati ya Bariadi na Ipililo, na chumvi iliyomo ni ile ya mboga tu. Vuta kiti, ni kirefu kidogo.

Nasoma diploma ya ushauri nasaha kwenye chuo kimoja hapa Bariadi. Nina miaka ishirini na nane, nilichelewa kurudi shule kwa sababu ya kulima pamba na dengu.

Mwaka wa kwanza tukapewa course ya misingi ya saikolojia. Mimi nilitegemea kufundishwa kusoma mawazo ya watu. Madam akaingia, akaandika ubaoni: Ugiriki ya kale.

Darasa zima tuliguna. Jamaa mmoja wa Meatu akauliza kama hao Wagiriki wataulizwa kwenye usaili wa kazi.

Madam akasema saikolojia haikuanzia maabara za Ulaya. Ilianza na wazee waliokaa wakajiuliza: mtu anafikiri kwa kutumia nini? Anakumbukaje? Mbona anajua jema na bado anafanya baya? Wapo waliosema akili inakaa moyoni, wapo waliosema iko kichwani. Hapo sikuwacheka, maana hata sisi tunasema mtu ana moyo mzito, hatusemi ana ubongo mzito.

Majina yao nilikuwa nayakosea mpaka kwenye mtihani, kwa hiyo humu nitawaita kwa kazi zao.

Wa kwanza ni Mzee wa Maswali. Huyu alikuwa anazunguka sokoni anauliza watu maswali mpaka wanakasirika, na yeye mwenyewe anasema hajui kitu.

Wa pili ni Mzee wa Kamba, aliyekuja baadaye. Yeye alisema ukisahau jambo usilivamie moja kwa moja. Anza na lililo jirani yake, au linalofanana nalo, au lililo kinyume chake. Kumbukumbu ni kama zimefungwa kamba moja, zinafuatana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, ukimpata mmoja wengine wanakuja nyuma yake.

Nilifanya mtihani, nikapata C, nikawasahau wote.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Nina mchumba, anaitwa Leticia. Kwao ni Lingeka huko Meatu, hapa mjini ni fundi cherehani. Tuna miaka miwili pamoja, kwao nimeshajitambulisha na nimepokelewa vizuri. Ikabaki kikao cha kwetu Ipililo ili wazee watoe baraka.

Kikao kilikuwa kinakwenda vizuri mpaka shangazi yangu Ngolo, dada yake baba, alipouliza baba wa binti ni nani. Nikasema anaitwa mzee Petro. Akauliza bibi mzaa baba wa huyo binti ni nani. Nikasema marehemu Nyanzala.

Shangazi akaweka kikombe chini.

Akasema huyo Nyanzala aliwahi kuishi hapa hapa Ipililo, nyumbani kwa Masanja, mdogo wake marehemu babu yangu. Shangazi alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, na anakumbuka vizuri siku Nyanzala anaondoka kuelekea Meatu na mtoto wa kiume mgongoni. Kwa hesabu zake, Petro ni mtoto wa Masanja.

"Mnataka kumwoza mtoto dada yake," akasema.

Wakuu, kama ni kweli, basi mimi na Leticia ni ukoo mmoja, na kwetu hapo hakuna mjadala. Mambo yote yanaishia pale.

Nilimpigia Leticia nikamweleza. Alilia mpaka simu ikakatika. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya zizi ili watu wasinione uso.

(Naona kuna mkuu ameshaandika "si mkapime DNA" kabla sijamaliza. Mkuu, nilipendekeza. Baba akauliza kama hiyo mashine inawajua wazee wetu kwa majina. Suala likafungwa.)

Kumbe swali lenyewe lilikuwa moja tu: Nyanzala alifika Ipililo akiwa tayari ana mimba, au aliipata hapa kwa Masanja? Hata shangazi alikubali kwamba kabla ya kufika kwake, Masanja hakuwa akimjua.

Masanja alishafariki. Ng'ombe hawakutolewa, kwa hiyo hakuna hata kikao cha mahari cha kukumbukwa na mtu. Nyanzala naye alifariki Petro akiwa bado mdogo. Aliyebaki ni bibi yangu Minza, mama yake baba na shangazi, anayekaribia miaka tisini. Na bibi alikuwa mkunga wa jadi, ndiye aliyepokea karibu nusu ya kijiji.

Nikajipa moyo. Mimi si msomi wa saikolojia bwana.

Kesho yake nikamuuliza Nyanzala alifika mwaka gani. Bibi akaniangalia kwa huruma. Akasema yeye hakuwa na kalenda, alikuwa na watoto wa kupokea.

Nikabadilisha mbinu. Nikawasha simu kurekodi, nikasema kwa sauti ya upole: bibi, si ni kweli Nyanzala alifika hapa tumbo likiwa kubwa?

"Eeh," akasema bibi.

Na wote mliliona? "Eeh, tuliliona."

Nilirusha ile sauti kwenye group la familia nikaruka kama ndama. Leticia akanitumia mioyo mpaka simu ikawa ya moto. Nikalala usingizi wa mtoto.

Mchana wa siku ya pili shangazi Ngolo akaja na simu yake. Akakaa kwa mama yake, akauliza: mayu, yule Nyanzala si alifika hapa mwembamba tu, tumbo halina kitu?

"Eeh," akasema bibi. "Mwembamba."

Ikaingia kwenye group lile lile. Sauti mbili, bibi mmoja. Mdogo wangu, kwa uchokozi wake, akaenda akamuuliza kama si kweli Nyanzala alifika akiendesha pikipiki. Bibi akaitikia kwamba alifika na pikipiki.

Group lilicheka siku nzima. Mimi sikucheka.

Nikarudi Bariadi kichwa chini, nikaenda ofisini kwa madam nikamweleza yote. Nilitegemea anipe pole. Akauliza kitu kimoja tu: mama yake yule Mzee wa Maswali alikuwa anafanya kazi gani?

Ilikuwemo kwenye noti zangu, nilishaisoma kwa ajili ya mtihani. Mama yake alikuwa mkunga. Na yule mzee alisema kazi yake na ya mama yake ni moja: yeye hazai, anamsaidia mwenzake kuzaa kile ambacho tayari kimo ndani yake.

"Wewe umekwenda kwa mkunga na mtoto wako mfukoni," madam akasema. "Ukamtoa, ukasema bibi kazaa."

Wakuu, niliona aibu mpaka masikio. Bibi hakuwa amechanganyikiwa. Ni mtu wa heshima zake, alitaka kila mjukuu aondoke amefurahi.

Madam akaongeza kwamba kama sipo tayari kusikia jibu baya, nisiende tena, maana hata nikinyamaza macho yangu yatamwambia bibi aseme nini. Hilo lilinipa tabu kuliko yote. Nilikaa nalo siku tatu.

Mwisho nikamwambia Leticia kwamba nakwenda kuuliza kweli kweli, na jibu linaweza kututenganisha. Akasema, "Nenda. Nataka kujua naolewa na nani."

Nikamkuta bibi anachambua choroko kwenye ungo. Nikakaa chini, na mimi nikachambua. Nilikuwa nimejiapiza: sitaji Nyanzala, sitaji tumbo, na simu nimeizima. Nilitumia njia ya Mzee wa Kamba, kuanzia kwa jirani.

Nikamuuliza tu zamani kazi ya ukunga ilikuwaje.

Alianza taratibu. Naandika kwa Kiswahili, ila yeye alikuwa anasema Kisukuma. Akamtaja Kashinje, aliyetanguliza miguu akawatesa usiku kucha. Akaja Mabula, aliyezaliwa mvua imeezua paa. Watoto wetu majina yao ni historia tupu, na kila jina lilikuwa linamleta mwenzake. Mikono yake ikaacha choroko, ikawa inafanya kazi hewani, inapokea watu ambao leo wana wajukuu.

Akamfikia Shija. Shija ni anayefuata mapacha, kwa hiyo akarudi nyuma kwa mapacha wenyewe, Kulwa na Doto wa nyumba ya jirani.

Akasema siku ile alikuwa peke yake, mama mkwe wake amekwenda msibani. Mtoto wa kwanza katoka, tumbo bado limejaa, na hakuna mtu wa kuchemsha maji. Akatoka nje kuita. Akamwona mgeni amekaa kwa Masanja, amefika asubuhi hiyo hiyo, vumbi la njia bado liko miguuni.

Wakuu, niliuma ulimi. Nimesema niliuma, ulitoa damu.

Nikasema neno moja tu: halafu?

Halafu yule mgeni akaja, akachemsha maji, akafua nguo, hakuuliza hata anayezaa ni nani. Mapacha walipotulia, akashika mgongo akakaa chini. Bibi akamfuata, akamwekea mkono tumboni.

"Mtoto alikuwa anacheza," bibi akasema. "Nikamwambia, na wewe utaniita muda si mrefu."

Nikauliza alikuwa nani. Bibi akanishangaa. Akasema si ndiye huyo Nyanzala mliyekuwa mnanisumbua naye juzi.

Nikamuuliza kwa nini basi juzi alikuwa anatuitikia kila kitu, mpaka pikipiki.

"Mlikuja mnajua tayari," akasema. "Mimi nikawaitikia."

Nililia mbele ya bibi, mwanaume mzima, choroko mkononi. Yeye akaniambia nisilowanishe choroko.

Ila nilishaungua mara moja, sikurusha kitu kwenye group. Nilikwenda kwa shangazi Ngolo. Nikamwomba yeye mwenyewe aende kwa mama wa wale mapacha, ambaye yupo hai na akili zake timamu, amuulize alizalishwaje siku ile. Masharti yakawa mawili: asimtaje Nyanzala, na asimsaidie neno.

Kwa wanaomjua shangazi yangu, kumwambia anyamaze ni kumwambia jogoo asiwike. Alikwenda midomo ameibana kama anabeba maji mdomoni.

Alirudi baada ya saa nzima. Mama Kulwa amesema alichemshiwa maji na mgeni mjamzito, mrefu, aliyefika kwa Masanja siku hiyo hiyo. Na amesema alimwonea huruma kwa kuinama na tumbo lile.

"Sikumsaidia hata neno moja," shangazi akasema, na alionekana anajivunia hilo kuliko habari yenyewe. Jioni hiyo akajiteua mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hakuna aliyepinga.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna jambo moja lilitokea tulipokwenda Lingeka kwenye utambulisho rasmi, na ndilo lililonifanya nifungue huu uzi.

Tulimchukua na bibi, tukamweka siti ya mbele ya Noah. Wazee wakasalimiana, habari ikaelezwa, kila mtu akacheka kile kisa cha pikipiki. Mzee Petro peke yake hakucheka. Ni mtu mkubwa, mikono mizito ya mkulima, ana miaka kama sitini. Alikuwa anamwangalia bibi.

Watu walipoanza kunawa, akavuta kigoda akakaa miguuni kwa bibi.

"Mayu," akasema, "mama yangu alikuwaje?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba alimpoteza akiwa mdogo, na hana hata picha. Sisi tulikuwa tunagombania tumbo la Nyanzala kwa ajili ya harusi yetu. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba yule mtoto aliyekuwa anacheza tumboni yupo, na hajawahi kukutana na mtu wa kumsimulia.

Bibi akaanza na maji aliyochemsha. Akasema alikuwa mrefu, anacheka huku ameziba mdomo, na kuni alizipanga kwa namna yake, hakupenda mtu azivuruge. Petro hakuuliza swali lingine. Pilau ilipoa, hakuna aliyethubutu kuwaita.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukimuuliza mtu huku unajua unachotaka kusikia, atakupa, hasa akiwa anakupenda. Hao Wagiriki walilijua hilo kabla ya diploma yangu, na bibi alilijua bila kuwasikia.

Harusi ni baada ya mavuno ya pamba. Mods msiunganishe huu uzi na ule wa ushirikina, hauhusiani.

Sasa zamu yenu. Nani nyumbani kwenu anajua jambo ambalo hamjawahi kumuuliza vizuri? Mwageni hapa chini. Mimi nanyamaza, nasoma tu.