Jinsi mahindi ya kituo yalivyonicheleweshea ndoa mwaka mzima (Kolwezi, enzi za Wabelgiji)

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi.

Nimesoma ule uzi wenu wa mbegu za kisasa na zile za bibi, nikaona mnakaribia kushikana mashati. Na mi nina langu. Nina umri mkubwa, naandika kwa kidole kimoja, na Kiswahili changu ni cha Katanga, kwa hiyo mtanivumilia. Sitaongeza chumvi. Yote haya yalinipata mwenyewe.

Ni miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Mi nilikuwa kijana wa kazi kwenye kituo kimoja cha kilimo nje ya mji. Wenzangu karibu wote walikuwa mgodini kwenye shaba. Mi kazi yangu ilikuwa kuvalisha mahindi mifuko ya karatasi.

Msicheke. Unafunika hindi changa kabla halijatoa ndevu, unafunika na ua la juu la mhindi mwingine, halafu unachukua vumbi la ua unalimwaga kwenye ndevu. Basi unajua baba ni nani na mama ni nani. Ndivyo mbegu mpya zilivyotengenezwa.

Kwenye kambi ya wachimbaji kulikuwa na binti, Kapinga. Watu wake walitoka Kasai, baba yake aliletwa zamani kuchimba shaba. Tulipendana, wazee wa pande mbili wakaongea, harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Mama yake, Mama Ngalula, alikuwa na shamba nyuma ya kambi. Udongo wake ulikuwa umechoka, amelima palepale miaka na miaka. Na bukari ya harusi (wengine mnaita ugali) ilikuwa itoke humo.

Mi nikataka sifa. Nikaomba kituoni mbegu mpya, zile nilizokuwa naona kila siku zimebeba mahindi marefu kama mkono. Nikampelekea. Nikamwambia asipande zake mwaka huo, aachie shamba lote mbegu zangu.

Alisita. Kapinga akanitetea. Akapanda.

Mvua zilikuja vizuri. Kufika Januari mihindi ilikuwa magotini, ya njano. Njano ile inaanza jani la chini, kwenye ncha, inapita katikati ya jani kwenda kwenye shina, halafu inapanda jani la pili. Mi niliijua. Kituoni tulifundishwa kwamba hiyo ni njaa ya naitrojeni, ile inayopatikana kwenye mbolea nyeupe ya chumvichumvi.

Kituoni tuliimwaga kila msimu. Mama Ngalula hakuwa nayo hata konzi moja.

Kwa desturi yao, mimi na mama mkwe hatukai karibu, hatutazamani. Alinisubiri shambani, akasimama upande mwingine wa tuta, akaongea akitazama kwingine.

"Mwana, hii mahindi yako iko mulafi. Umeleta mulafi mu nyumba ya masikini."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Kisha akasema harusi ingoje mavuno mengine, maana hawezi kuita watu aje kuwatazamisha sufuria tupu. Kapinga hakuniangalia siku ile, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilirudi kazini nimenyong'onyea. Sasa, pale kituoni palikuwa na kipande tulichokiita *kwa wenye njaa*. Humo aina zote zilipandwa bila mbolea, ili kulinganisha tu. Hakuna aliyejali. Mbegu zilichaguliwa kule kwenye shibe, penye mbolea.

Mi nikaenda kupita humo mstari kwa mstari. Mingi ilikuwa njano kama ya Mama Ngalula. Lakini kwenye aina moja nilikuta mihindi kumi na kitu bado ya kijani, mifupi, na kila mmoja umeanza kubeba hindi moja changa, bado halijatoa ndevu.

Nikamwendea mzungu mkuu wa kituo. Alikuwa mtu wa maneno machache ila si mbaya. Akanieleza kwamba wao wanachagua kwenye chakula kingi kwa sababu wanatafuta mhindi unaojua kugeuza chakula kuwa punje. Ya zamani ukiilisha sana inakuwa mabua tu. Kama itavumilia njaa, hilo hawakuwahi kuliuliza. Niliomba ile mihindi. Akasema kipande kile kikishapimwa kinatupwa, nichukue.

Basi saa za mapumziko wenzangu wanakula, mi navalisha mifuko maskini wangu na kuwaozesha wenyewe kwa wenyewe. Nilitaniwa sana. Nilivuna kopo moja na nusu.

Msimu uliofuata nilimwomba Mama Ngalula nusu ya shamba tu. Nusu nyingine apande zake. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa huko na jembe.

Kwenye kona moja tukajaribu kitu. Niliruhusiwa kufagia mbolea iliyomwagika sakafuni kwenye stoo, nikaipeleka, tukaigawa sawasawa kwa mihindi yake na yangu.

Yake ikapaa, mabua kama miwa, majirani wakaja kutazama. Mama Ngalula alitembea kwa madaha wiki tatu. Februari ukaja upepo, ikalala yote chini. Yangu ilibaki imesimama, na mahindi yakajaa.

Lakini wakuu, niliahidi kutoongeza chumvi. Kwenye sehemu yote iliyobaki, isiyo na mbolea, yake na yangu ilitoka karibu sawa. Nilivuna nikitegemea kumshinda, sikumshinda.

Nikamwambia hivyohivyo. Akapima kwa macho, kisha akasema, "Basi yako tutapanda karibu na kuku, kwenye mavi yao. Yangu ibakie kule mbali."

Mi ndiye niliyefanya kazi kituoni, yeye ndiye aliyepata jibu.

Tulioana kiangazi kile. Siku ya harusi Kapinga aliniletea bukari mbili kwenye sahani, ujumbe kutoka kwa mama yake: niseme ipi ni ya mahindi yangu. Nilionja hii, nikaonja ile, nikarudia. Sikujua. Nikajibu zote ni za Mama Ngalula. Nikasikia kicheko chake kutoka nyuma ya ukuta, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Nilichojifunza: mbegu mpya si uongo. Ukiilisha, inakulipa kuliko ya zamani. Ila kabla ya kuipanda uliza ilichaguliwa kwenye udongo gani, wa shibe au wa njaa. Nasikia siku hizi wataalamu wanachagua na kwenye njaa pia. Nimefurahi, ingawa mi nilitaniwa kwa hilo.

Ninyi wa Iringa, Kitale, Likasi, mnapanda nini kwenye udongo uliochoka? Nielezeni, nasoma yote. Na wanaotaka kuoa, mama mkwe msimpe mbegu ambayo hamjailima wenyewe.