Nilivyozama Mbele ya Kompyuta

Jamani, nacheka lakini uso umenishuka. Ofisini kwetu Mlandege tuliambiwa tujifunze programu ya simu ya kuitia waokoaji. Kioo cha simu yangu kimepasuka, basi programu nikaiweka kwenye kompyuta. Ikaniuliza jina, namba ya simu na nipo wapi. Nikaandika Salma na namba ya ofisi. Nikachagua baharini, Kizimkazi, kwenye pomboo, kisha nikabonyeza kitufe chekundu. Nilidhani kwenye kompyuta ni majaribio tu. Nikaagiza urojo.

Baadaye simu ya ofisi ikalia. Bosi wangu, Bi Zuhura, akafungulia spika. Alikuwa mwokoaji:

"Tunamtafuta Bi Salma! Tuna boti mbili hapa Kizimkazi, hatumwoni!"

Ofisi nzima ikanigeukia.

"Naam," nikajibu, mdomo umejaa. "Nisameheni, nipo ofisini, nnakula."

Kisha nikamsikia yule mwokoaji akiwapigia kelele wenziwe:

"Alhamdulillahi! Rudini, aliyezama anakula urojo Mlandege!"