Bi Gonga na Kanuni Aliyoitunga Mwenyewe

Jina lake kamili, kama lilivyotajwa sokoni, lilikuwa Bi Gonga wa Sufuria Nene, binti wa mfua bati aliyeziba ndoo za mtaa mzima na hakuna hata moja iliyorudi ikivuja, mjukuu wa bibi aliyekirudisha chungu kibovu dukani kila asubuhi mpaka mwenye duka akahama. Yeye mwenyewe aliwahi kumsimamisha bwana harusi njiani, akamnyang'anya sufuria aliyoinunua kwingine, akaigonga mbele ya wajomba zake na kumuuliza, "Hii unampelekea mke, au mtoto wa kuchezea?" Bwana harusi akaoa kwa sufuria nene. Huyo ndiye Bi Gonga.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Kibandani kwake sufuria haiuzwi kabla haijagongwa ubavuni kwa kifundo cha kidole, na mnunuzi aambiwe asikilize. Nene hutoa sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Nyepesi hulia kama kopo. Kwa gongagonga hiyo alisomesha, akajenga, na akaheshimika.

Kisha chama cha wafanyabiashara kikaweka benchi langoni mwa soko, chini ya kibao kilichoandikwa MNUNUZI, ULIZA BURE. Kila Jumamosi wajuzi walikaa pale na utepe wa njano kifuani, wawashauri watu wasije wakapigwa. Wazo zuri. Ila Jumamosi ya kwanza tu, fundi wa mafriji alilitia mchanga. Mtu akiuliza viatu, fundi anajibu friji. Akiuliza miwani, fundi anasema macho hayana shida, shida ni kwamba hana friji.

Bi Gonga alikasirika mpaka ushungi ukamvuka. Kwenye kikao alisimama, akasema, "Haiwezekani mtu ajisifie mali yake na sisi tuite ushauri. Naomba iwe kanuni: mjuzi asizungumzie anachokiuza. Azungumzie cha mwenzake."

Akapigiwa makofi, na kanuni ikapita pale pale. Bi Gonga aliketi na shingo ndefu, kama mtu aliyekwisha kuliokoa soko. Hakujiuliza swali moja dogo: maswali ya sufuria atayajibu nani?

Maswali ya sufuria yakamwangukia Fundi Friji.

Kuanzia hapo kila mjuzi akaipima dunia kwa kipimo cha kazi yake. Muuza magodoro aliwaambia watu friji nzuri ni ile yenye mlango laini, usiomshtua aliyelala. Bi Gonga, aliyepewa magodoro, aliwaambia godoro la maana ni gumu, ukiligonga lijibu; wakaamini, na mtaa mzima ukaanza kutembea umeshika viuno. Na Fundi Friji, ambaye maisha yake yote ni baridi, alitangaza kwamba sufuria bora ni ile inayopoa haraka.

"Inayopoa?" akina mama waliuliza.

"Inayopoa, mama zangu. Ukiipua tu, unaishika. Iwe nyepesi, ing'ae, moto uingie mbio na utoke mbio. Hizi nene ni za watu wanaopenda kubeba mizigo."

Bi Gonga alikuwa kando yake, bega kwa bega, utepe kifuani, na kwa kanuni yake mwenyewe hakuruhusiwa hata kukohoa. Akina mama wakamwamkia kwa adabu, wakapita kibandani kwake bila kugeuza shingo, wakaenda upande wa pili kununua makopo. Hasara angeivumilia. Kilichomuuma ni jina. Miaka yote hiyo mtu akisema sufuria katika soko lile alikuwa amemsema yeye, na sasa jina lilikuwa linamponyoka huku akitazama.

Basi Jumamosi moja akaja mchumba wa mwanawe. Binti huyu alikuwa msusi, mwenye saluni nyuma ya soko, mcheshi, mkono mwepesi, na siku yake ya kuhamia kwa mume ilikuwa imekaribia. Angeweza kwenda kibandani kwa mama mkwe moja kwa moja, lakini aliona haya asije akaonekana anaomba vya bure. Akaona heri amheshimishe hadharani, penye kiti chake cha ujuzi.

"Shikamoo Mama. Shikamooni wajuzi. Nataka sufuria za kuanzia nyumba. Nichukue za namna gani?"

Benchi zima likamtazama Bi Gonga. Yeye akatazama kibao. Ulimi ulimwasha, lakini angewezaje kuivunja kanuni mbele ya watu waliompigia makofi kwa ajili ya kanuni hiyo hiyo?

"Bi mkubwa hasemi," alisema Fundi Friji, uso umemchanua. "Kanuni ni kanuni. Nisikilize mimi, binti yangu. Chukua nyepesi."

"Mama, ni kweli nyepesi?"

Bi Gonga akaunyoosha utepe wake. "Ukihitaji godoro," akasema, "njoo."

Muuza magodoro akajificha nyuma ya leso yake, mabega yanamcheza.

Jua halijapinda, Bi Gonga alikuwa mlangoni mwa saluni. Mkwe mtarajiwa anayepikia kopo! Soko likijua hilo, nani tena atamwamini mama mkwe? Akakuta sufuria mpya zimepangwa juu ya kabati la rola za nywele, zinameremeta kama meno ya bandia, na kubwa kuliko zote iko jikoni ikichemsha maji ya kuoshea wateja vichwa.

"Mama! Karibu kiti. Umeziona?"

"Nimeziona. Na vipofu wameziona. Kwa nini, mwanangu?"

"Si nilikutazama usoni ukanyamaza? Nikasema mama mkwe akinyamaza ameridhia."

"Kunyamaza kule kulikuwa kwa kanuni!"

"Kanuni gani hiyo inayomziba mdomo mwenye kujua? Nani aliitunga?"

Bi Gonga akajifanya anapanga machanuo.

"Mama?"

"Mimi."

Msusi alicheka mpaka akaishika meza. Mteja aliyekuwa na povu kichwani naye akacheka, povu likamwingia jichoni, ikabidi wamwagie maji. Na maji, lazima isemwe, yalikuwa tayari. Sufuria ile nyepesi ilikuwa imeyachemsha upesi kuliko nene yoyote aliyowahi kuiuza Bi Gonga. Aliliona hilo kwa macho yake, na liliuma zaidi ya kicheko.

"Kwa maji inafaa," alisema kwa shida, kama anayeng'olewa jino. "Kwa maji tu."

"Kumbe fundi hakukosea kote."

"Asiyejua huwa hakosei kote, ndiyo maana anaaminiwa."

Akakaa. Akakitazama kioo, akamtazama msusi ndani ya kioo, halafu uso wake ukabadilika polepole.

"Wewe unauza sufuria?"

"Mimi? Nauza misuko na mafuta ya nywele."

"Basi Jumamosi ijayo utakaa benchini kwenye nafasi yangu, na maswali ya sufuria utayajibu wewe. Mimi nimezeeka, mgongo unaniuma."

"Mama, mimi mambo ya sufuria siyajui!"

"Hiyo ndiyo sifa ya kukaa pale."

"Watasema umemweka mkweo."

"Kanuni haikutaja mkwe. Niliitunga mimi, nakijua nilichokisahau."

"Na ya nywele atayajibu nani?"

"Fundi Friji."

"Mama! Na kipara kile?"

"Atawaambia nywele bora ni zile zinazopoa haraka," alisema Bi Gonga, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Akautoa utepe kifuani kwake, akaubandika kwenye aproni ya msusi iliyojaa mafuta. Utepe alikuwa anaupenda.

"Nikiulizwa niseme nene, sivyo?" aliuliza msusi. "Niseme kama unavyosema wewe?"

Jibu la ndiyo lilikuwa mdomoni. Bi Gonga akalirudisha. Aliwakumbuka watu wa magodoro wanaotembea wameshika viuno kwa sababu tu alisema yeye.

"Hapana," alisema. "Jioni pita kibandani uchukue sufuria moja nene. Sikupi, nakuazima. Kesho weka maharage humo, na mengine kiasi hicho hicho weka kwenye hiyo yako, moto mmoja. Usiondoke jikoni, na saluni funga. Tazama yapi yanashika chini, yapi yanaiva, sufuria ipi inacheza jikoni. Kisha Jumamosi waambie ulichokiona, hata kama kitaniudhi."

"Na kikikuudhi kweli?"

"Nitakuwa nimesimama kule nyuma na kikapu, kama mnunuzi mwingine yeyote. Nitakuuliza swali mbele ya watu. Unijibu."