Maji ya Siku Tatu

Wanafunzi walimwita mfagiaji wa shule Mama Kopo, naye aliitika bila kinyongo, maana kopo la kupimia mvua lilikuwa lake kweli. Lilisimama nyuma ya ofisi ya walimu, ndani ya uzio mdogo wa waya, na ufunguo wa uzio huo aliuvaa shingoni kwa uzi. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, aliacha ufagio, akamimina maji ya mvua kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha akaandika namba daftarini. Pakiwa pakavu, aliandika sifuri. Miaka kumi na mmoja sasa. Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu alituma karatasi mjini, na habari zake zikaishia hapo.

"Mama Kopo, leo mawingu yamekupa chai?" wanafunzi walimtania.

"Yamenipa, ila sukari yamesahau."

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Binti huyo alikuwa darasa la mwisho, na darasani walimwita Sijui, kwa kuwa ndilo jibu lake la kila swali. Mwezi ule walipewa fomu za kuchagua masomo na shule za kuendelea. Mwenzake mmoja aliandika anataka kuwa bosi. Mwalimu wa ushauri alipomuuliza bosi wa nini, akasema ataamua akifika. Sijui hakuandika kitu. Mahali pa "kazi ya mlezi" paliachwa wazi, na mahali pa "kazi unayoitaka" vilevile.

"Jumatatu fomu zinakwenda," Mama Kopo alimwambia huku akimbembeleza mtoto wake wa miaka miwili. "Isiyojazwa haitapokelewa tena. Andika hata kitu kimoja, mdogo wangu."

"Dada, mtu huwa kile alichokiona. Mimi nimeona ufagio na jembe. Niandike ufagio?"

Mama Kopo alimhamishia mtoto bega la pili. Darasa la saba lilimpa kusoma na kuandika, halikumpa jibu la swali kama lile.

Ijumaa mwalimu wa ushauri aliwapeleka wanafunzi mjini kwenye kituo cha hali ya hewa, wakajionee kazi za watu. Alihitaji mwanamke wa kuwaangalia wasichana. "Njoo wewe," alimwambia Mama Kopo. "Hapa shuleni, wewe na mvua ndio mnaojuana." Mama Kopo akamfunga mtoto mgongoni, wakapanda lori, wakavuka daraja jipya la mto wao, lile refu lililojengwa baada ya la zamani kusombwa.

Kituoni aliwapokea mtaalamu, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Aliwapeleka uani, akafungulia gesi, na puto jeupe likaanza kuvimba mpaka likampita mtu kimo. Chini yake alifunga kijisanduku cha vipimo, chepesi kama kiberiti kitupu. Alipoliachia, halikupanda polepole kama moshi. Lilichomoka. Watoto waliinua vichwa, vinywa wazi, hata yule bosi.

"Linafika wapi?" mwalimu aliuliza.

"Juu kuliko ndege ya abiria, mara tatu hivi. Huko linavimba likawa kubwa kama chumba, halafu linapasuka."

Ndani, kwenye kioo cha kompyuta, namba zilikuwa zikimiminika. Zilitoka kwenye kile kijisanduku, juu kule, ambako baridi ilikuwa imekwishafikia ya barafu, na hapa chini watu walikuwa wakijifuta jasho. Mama Kopo alimshika mtoto wake miguu asianguke, ingawa alikuwa amefungwa barabara. Hakujua kwamba mbingu huweza kuulizwa ikajibu.

Kisha mtaalamu akafungua ramani iliyojaa nukta. "Kila nukta ni mtu anayeamka kupima. Shule yenu ni ipi?"

Mwalimu akaitaja. Nukta ikafunguka, ikatoa mistari, mirefu na mifupi, miaka kumi na mmoja. Mama Kopo aliitambua kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Ule mwaka wa ukame, huu hapa. Hii hapa wiki waliyomzika mama. Hapa daraja liliondoka. Halafu akaliona pengo la siku mbili.

Mwalimu mkuu alimshauri wakati ule: "Weka sifuri, nani atakwenda kuangalia?" Lakini sifuri maana yake nimetazama nikakuta pakavu, naye hakuwa ametazama. Hakuweka.

Mtaalamu alivaa miwani, akasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa chini ya pengo: "'Siku mbili sikupima, nilikuwa najifungua. Haya ni maji ya siku tatu.' Nani aliandika hivi?"

Vichwa vyote viligeuka. Mama Kopo alitazama sakafu. "Nisamehe, mama. Mtoto hakuuliza ratiba."

Wakacheka, lakini mtaalamu alisimama, akaja kumshika mkono.

"Nikusamehe nini, mwanangu? Wengi hunijazia sifuri za uongo. Mhandisi wa daraja lenu alipotaka kukadiria mafuriko kwa namba ninazoziamini, nilimpa zako. Mtu anayeandika pengo lake, na namba zake ni za kweli. Urefu wa lile daraja umetoka kwenye daftari lako."

Mama Kopo alilifikiria lori, watoto thelathini na wawili ndani yake, na maji yaliyopita chini yao asubuhi ile. Machozi yalimjia, akajifanya anampangusa mtoto pua.

Sauti ndogo ikatoka nyuma. "Mtu anasoma nini mpaka akae hapa?"

Alikuwa Sijui.

"Hesabu, fizikia, jiografia," mtaalamu alimjibu. "Ukimaliza sekondari, kuna chuo cha wapimaji. Ukitaka zaidi, chuo kikuu."

"Hesabu inanisumbua."

"Hata mimi ilinisumbua. Tukazoeana."

Njia nzima ya kurudi binti alikaa pembeni mwa lori. Lori lilipofika darajani alichungulia chini mpaka wakamaliza kuvuka.

Jumatatu, saa tatu kasorobo, alimkuta dada yake uzioni. "Nipe ufunguo. Na wewe tia sahihi hapa."

"Saa tatu bado."

"Nasubiri."

Mama Kopo alijifuta mikono, akavua ufunguo akampa, akaipokea fomu. Kazi ya mlezi: mpima mvua. Akairudia mara mbili, kidole chini ya maneno. Kazi unayoitaka: hiyohiyo ya dada yangu, na puto.

Alipotia sahihi, mdogo wake alikuwa ameinama mbele ya gilasi, jicho sawa na mistari, mkono mmoja mgongoni, akisubiri kengele ya saa tatu.