Mifuko Arobaini na Minane

Consolée Mukabalisa alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka kumi na saba kabla mtu yeyote hajamwomba ashone mfuko wa mashine. Cherehani yake ilikaa kwenye kibaraza, huko Kavimvira, karibu na mpaka wa kwenda Bujumbura. Wateja wake walikuwa wazazi, wanakwaya, na wabadilisha fedha waliotaka mifuko ya siri ndani ya makoti. Mambo ya kiwanda hakuyajua. Alijua tu kwamba mdogo wake, Claire, anajaza magunia kwenye kinu cha unga wa muhogo na mahindi jirani na kwetu, na kwamba kila jioni anarudi na nyusi nyeupe.

Aliyemletea kazi ni Ngendakumana, fundi mkuu wa kinu kile. Alifika asubuhi na kitu kirefu mfano wa mguu wa suruali ya jitu, kimechanika katikati.

"Mama Consolée, huu ni mufuko wa chujio," akasema. "Mashini inavuta vumbi la unga, inalisukuma mu mifuko kama hii. Hewa inapita mu kitambaa, vumbi linabaki ndani. Tuko nayo arobaini na minane. Tulikuwa tunaagiza kupitia Bujumbura, lakini mizigo imekwama. Weye unaweza kushona?"

"Nipatie kipimo. Na kitambaa?"

"Kitambaa utachagua weye mwenyewe."

Akachagua pamba ya mashuka, kwa sababu ilikuwa laini na ilipatikana kwa wingi. Alikata, akashona mshono mmoja mmoja, akamaliza baada ya siku tisa. Mifuko ikafungwa, mashine ikawashwa. Kabla ya saa sita mchana sisi majirani tulianza kuanua nguo zetu, maana zilikuwa zimepakwa unga kana kwamba zimeandaliwa kukaangwa. Vumbi lilikuwa linapenya kwenye kitambaa na kwenye kila tundu la sindano. Claire alirudi akikohoa.

Consolée aliona aibu, akakimbilia kitambaa cha kinyume kabisa. Mara hii alishona kwa turubai. Kwa turubai vumbi halikupenya, lakini hewa nayo haikupita. Mashine ikashindwa kuvuta, na unga ambao ungepaswa kufyonzwa ukabaki ukielea ndani, juu ya vichwa vya wajaza magunia. Siku ya tatu Claire alibebwa hadi kituo cha afya, midomo imebadilika rangi. Muuguzi Geneviève alimpa dawa ya kuvuta, akamkalisha wima, na pumzi yake ilipotulia akamgeukia dada mtu.

"Huyu asirudi mule ndani. Mapafu yake yamechoka na vumbi."

Consolée hakumwambia muuguzi kwamba mifuko ile aliishona yeye. Alimwambia Claire mwenyewe, walipokuwa wanarudi nyumbani.

"Ninajua," Claire akasema. "Kila mutu mule ndani anajua. Sasa utafanya nini?"

Kesho yake alikwenda kinuni bila kuitwa. Ngendakumana alidhani amekuja kuomba radhi.

"Miye nilishona nguo bila kumuona mutu wa kuivaa," Consolée akamwambia. "Ninataka kuona mashini ikifanya kazi. Halafu nitakwambia kama ninaweza ao siwezi."

Alikaa siku tatu kwenye chumba cha chujio, kitenge kimefunga pua na mdomo. Aliona kwamba kila baada ya saa moja feni inazimwa, mtu anavuta mkono wa chuma, na mifuko yote inatikisika ili unga udondoke kwenye pipa la chini. Aliona kwamba kitambaa kinachanika juu, pale kinapofungwa, si katikati. Ule mpasuko wa katikati wa mfuko wa kwanza ulikuwa umeanzia juu. Na siku ya pili alimuuliza Ngendakumana kuhusu uzi mwembamba wa shaba uliokuwa umepita ndani ya mfuko wa zamani, kutoka mdomoni hadi kwenye fremu.

"Ule uko wapi?" fundi akauliza, akimkazia macho.

"Niliukata. Nilizani ni waya wa kufungia muzigo."

Ngendakumana alikwenda kuzima mashine kabla ya kusema neno. Kisha akaeleza. Unga mkavu ukisugua kitambaa unazaa umeme, kama sweta unapolivua gizani. Umeme ule usipopata njia ya kushuka ardhini unaruka cheche, na unga uliotanda hewani unawaka kwa mlipuko, kama petroli. Uzi wa shaba ndio njia yenyewe. Yeye alikuwa amefunga mifuko ya Consolée mara mbili bila kuukagua.

"Kosa ni la sisi wawili," akasema.

Toka siku ile walifanya kazi pamoja, na mashine haikuwashwa tena mpaka kila mfuko uliotundikwa ulipotiwa uzi wa shaba. Consolée alifumua mfuko wa zamani akakuta si kitambaa kilichofumwa bali nyuzi zilizoshikamanishwa kama blanketi, kile mafundi wanachokiita fetre. Upande mmoja una manyoya, upande wa pili umelainishwa kwa moto ili unga uteleze na kudondoka. Mfanyabiashara Kwizera, anayevuka mpaka kila juma, alimletea vipande vinne vya namna tofauti. Consolée aliweka kila kipande mdomoni akapuliza. Kisha akashona mfuko mmoja mmoja kwa kila namna, mshono mara mbili, uzi wa shaba ndani, akaitundika yote minne katikati ya mingine kwa majuma mawili. Kile kinene kuliko vyote, ambacho kila mtu alikisifu, kilikuwa kimeziba. Akachukua cha tatu, kilichozuia vumbi na bado kikapitisha hewa, akakishonea mifuko yote arobaini na minane.

Ngendakumana naye alitengeneza mrija wa plastiki wenye umbo la U, akatia maji ya rangi, ncha moja kabla ya mifuko na nyingine baada yake. Maji yakitofautiana vidole vinne, mifuko inapumua vizuri. Yakifika vidole kumi, imeziba. Consolée aliajiriwa kuyasoma maji hayo asubuhi na mchana, na kutunza mifuko.

Mwaka ule ziwa lililo jirani na kinu lilipanda. Maji yalifika ukutani mwa kinu, unyevu ukaingia kila mahali, na unga ukaanza kuganda kwenye fetre kama bugali kwenye chungu. Consolée aliagiza feni izungushwe bila mzigo, ili mifuko ikauke, dakika kumi na tano kabla ya kusaga na dakika kumi na tano baada ya kusaga. Mkurugenzi, Eugène, aliona ni muda unaopotea bure.

Ijumaa moja, kukiwa na malori mawili getini, Eugène mwenyewe alipita karibu na mrija, akaona maji yamelingana pande zote mbili.

"Mama, angalia! Haijawahi kuwa safi namna hii. Leo tutasaga mupaka jioni."

"Papa Eugène, feni inazunguka, lakini maji yamelala sawa. Maana yake hewa haikutani na kizuizi. Mufuko umepasuka, tena si mumoja. Tuzime."

"Na malori?"

"Yatangoja."

"Weye ni fundi cherehani, Mama."

"Ndiyo. Ndiyo maana ninakwambia imepasuka."

Eugène alimtazama Ngendakumana. Fundi alikwenda kwenye swichi, akazima. Walipofungua walikuta mifuko mitatu imeachia juu, imelemewa na unga ulioganda, na unga umelundikana hadi kwenye feni. Ngendakumana aligusa kikombe cha beringi, pale mhimili wa feni unapozungukia, akaurudisha mkono haraka. Kilikuwa cha moto, na unga umekizunguka. Eugène naye alinyoosha mkono, akautoa. Alitoka akaenda kuzungumza na madereva.

Malori yalipakia Jumapili. Eugène hakuomba radhi, wala Consolée hakungoja radhi. Ila tangu juma lile dakika kumi na tano hazikuhojiwa tena. Claire hakurudi mule ndani; alihamishiwa mizani, getini, kwenye upepo wa ziwa. Kikohozi kimepungua. Hakijaisha, na Geneviève amesema huenda kisiishe.

Juzijuzi watu wa mashine ya kukoboa mpunga huko Lubarika walimwita Consolée akawashonee mifuko. Walikuwa wameshanunua fetre ileile, wakaipanga mezani, wanataka aanze kukata. Aliomba kwanza vumbi lao. Akalisugua kati ya vidole, akalisugua juu ya pindo la kitenge chake, akaona nyuzi zinakatika.

"Hili si unga," akasema. "Pumba za mupunga zinakwaruza kama mchanga. Fetre yangu itatoboka upesi."

"Sasa tuweke kitambaa gani, Mama?"

"Sijui bado," Consolée akasema, akaomba kiti, akafunga kitenge puani. "Washeni mashini nione."