Redio ya gari la marehemu baba, na jibu ambalo mama alimpa mtani wake

Wakuu, heshima mbele.

Mtu aliyefiwa akimjibu mtani wake kwa mzaha, tulichukue neno lake kama lilivyo, au tuliache lipite kama mizaha inavyopita? Nimejiuliza hivyo tangu masika yaliyopita, na hadi naandika uzi huu sijapata jibu. Nitasimulia yaliyotokea bila kuyatia chumvi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani kwetu Shighatini, juu milimani. Alimwacha mama, shamba la kahawa, na gari dogo la Kijapani alilolinunua likiwa mtumba. Mimi naishi Same kikazi, hivyo gari limebaki mikononi mwangu. Kazi yake kubwa ni kumshusha mama kliniki ya presha na kumrudisha mlimani, kwa kuwa joto la Same hawezani nalo hata siku mbili.

Wenye magari ya aina hii mnafahamu: redio na kiyoyozi vinaongozwa na skrini moja katikati ya dashibodi. Skrini ikifa, huna muziki na huna hewa.

Sasa, ndani ya redio ile kuna diski inayonakili nyimbo. Baba aliwahi kuweka CD ya mazoezi ya kwaya, redio ikainakili yenyewe. CD ikaja kupotea, ikabaki nakala ile ya ndani tu. Kabla wimbo haujaanza, anasikika baba akifoka: "Besi! Mnaburuza kama mnapandisha gunia la kahawa. Tena!"

Kila tulipowasha gari, hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yetu. Mama naye humjibu: "Waache wapumue, mume wangu."

Mtaniuliza kwa nini sikurekodi kwa simu. Wakuu, nani hurekodi kitu anachokisikia kila anapowasha gari?

Masika yalipochanganya, skrini ikaanza kuchora mistari, kisha ikazima kabisa. Baba akanyamaza kwa mara ya pili.

Siku ya kliniki nilimshusha mama hivyo hivyo. Ukungu ulikuwa nje, na kioo nacho kikaota ukungu kwa ndani, na hapakuwa na hewa ya kukifuta. Nilikuwa naendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukifuta kioo kwa kanga ya mama. Kwenye kona moja ikatokea bodaboda imebeba mikungu ya ndizi. Nilikata usukani, ubavu wa gari ukakwaruza ukingo wa mlima. Hakuna aliyeumia. Yule dereva alitutukana, akaendelea na safari yake.

Mama alishikilia dashibodi hadi tulipogusa lami kule chini. Ndipo akasema, "Mwanangu, leo tulikuwa tunamfuata baba yako."

Kliniki ilipokwisha tukaenda kwa Fundi Shirima, pale pale mjini Same.

Hapa nitulie kidogo kwa ajili ya wageni wa huku kwetu. Shirima ni Mchaga, na sisi Wapare na Wachaga ni watani. Mtani ana ruhusa ya kusema msibani yale ambayo ndugu wa damu hathubutu kuyasema. Kumkasirikia ni aibu; unapaswa kumrudishia utani. Siku ya mazishi ya baba, Shirima aliingia kaburini akagoma kutoka hadi apewe jogoo. Mama, na machozi yake, alimwambia akae humo humo, baba alihitaji mtu wa kumfulia. Mama hajawahi kushindwa na mtani.

"Shikamoo mama. Leo mmeniletea gari au mmeniletea kesi?"

"Marahaba. Gari. Kesi na Mchaga nitaipeleka wapi, si utamnunua hakimu?"

Shirima alicheka, akaanza kazi. Alifungua waya hasi wa betri, akabandua fremu ya dashibodi taratibu kwa kibao cha plastiki, akalegeza bolti, kisha akakivuta kile kifaa na kuchomoa soketi zake moja moja. Lile tundu lililobaki, na nyaya zikining'inia, sikupenda kulitazama. Soketi zilikuwa na kutu. Akazisafisha, akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha.

Skrini ikaamka, lakini kwa maandishi ya Kijapani. Akayatafsiri kwa simu. Diski imeharibika: futa vyote uanze upya, au zima.

Nilimuuliza njia nyingine zote mnazoziwaza sasa hivi. Kuhamisha nyimbo? Zimefungwa, husomwa na kifaa hicho hicho tu. Kufunga redio nyingine? Zilizopo hazina mawasiliano na kiyoyozi cha gari hili. Kusubiri mtaalamu wa mbali? Labda, lakini hakuniahidi. Na kesho yake ilikuwa lazima nimpandishe mama kwenye ukungu ule ule.

Shirima akamgeukia mama.

"Kumbe Wapare mlituchosha bure! Nimepanda hadi Shighatini, nikashika jembe, kumbe tunazika sanduku tupu. Mzee wenyewe mmemficha kwenye dashibodi aendelee kufokea besi!"

Mama alicheka, hadi akajifuta macho. "Mfute basi. Amesema vya kutosha. Hata huko aliko anawanyima majirani usingizi."

Kisha akashika pindo la kanga yake, ile niliyofutia kioo, akaanza kuikunja na kuikunjua.

Shirima aliacha kucheka. "Mimi sifuti kitu kwa neno la utani," akaniambia. "Kaongeeni. Mje asubuhi."

Jioni nilimwekea mama makande, nikamuuliza anataka nini hasa. Alitafuna polepole, halafu akasema, "Si nimeshamjibu fundi?"

Sikupata zaidi ya hapo.

Funzo langu naliweka hapa, kwa sababu baada yake sitakuwa na la kuongeza. Sauti ya mtu wenu inyakueni ingali inapatikana kirahisi, na muiweke mahali pasipo na kazi nyingine. Na kwa mliowahi kumuuliza mama au baba mzee jambo la namna hii: mlijuaje kwamba jibu lilikuwa jibu? Niandikieni hapo chini, nitasoma yote.

Asubuhi tukarudi kwa Shirima. Mama alibaki kwenye kiti cha mbele, mkoba mapajani. Sikutaka kidole cha mtu mwingine kifanye kazi ile, kwa hiyo nilibonyeza "futa vyote" mwenyewe. Skrini ikawa nyeupe, ikakaa hivyo kwa muda, kisha namba za kiyoyozi zikatokea na hewa ikaanza kupuliza kwenye kioo.

Shirima akainama dirishani. "Haya mama, nimeshamhamisha mpangaji wenu. Jogoo wangu yuko wapi?"

Mama alikuwa akitazama ile hewa inavyopeperusha pindo la kanga yake. Shirima akasubiri. Mimi pia nikasubiri.

Hakumrudishia. Nikaingiza gia, tukaondoka.